Ua Nililolishona Pasipo Pake

Ninyi mnaobaki kazini mna neno moja ninalowaomba mliache. Ikiletwa karatasi yenye majani ya mmea mmoja na ua la mmea mwingine, mnacheka na kusema, "Hii ni anselme." Wengi wenu hamkumkuta Papa Anselme katika biro, yaani ofisi, yetu ya mimea. Mmelikuta neno tu, kama mlivyovikuta viti na lile dirisha lisilofungika. Mimi nilikuwepo neno hilo lilipozaliwa, na kwa miaka mingi nililicheka pamoja na wengine. Siku mliyoniaga mlinipa kitenge na keki, mkaniomba niandike kidogo juu ya kazi, basi haya ndiyo maandishi. Vyeo na mishahara sitavigusa, kwa sababu vyote viwili vilikuja kwa kuchelewa na sina tena nguvu ya kununa.

Sikuingia kazini kwa kupenda maua. Niliingia kwa sindano. Mama yangu, aliyetoka Butembo akiwa amenibeba mgongoni, alikuwa na cherehani mbele ya nyumba yetu mtaa wa Mabanga, hapa Goma, nami nilimsaidia kushona vifungo na pindo za sare za shule. Siku moja akaja mwanamume mrefu mwenye koti la mvua lililochanika begani. Nililishona palepale, mshono mdogo mdogo, na yeye akakaa kwenye benchi akiangalia mikono yangu. Nilipomaliza alilivuta koti pande zote mbili, na mshono ukashika.

"Mama, huyu binti yako anajua kusoma?" akauliza.

"Alimaliza masomo yote ya sekonderi," mama akajibu. "Kazi njo hakuna."

"Basi lundi akuye ku biro. Niko na majani mingi, inakosa mutu wa kuishona."

Mama alidhani mtu huyo ana matatizo ya kichwa. Jumatatu alinisindikiza mwenyewe mpaka mlangoni, akachungulia makabati, akaridhika kwamba kweli ni majani.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini labda watoto wenu nao watasoma hapa. Tawi hukatwa msituni, huwekwa kati ya magazeti, hubanwa kwenye presi ya mbao na kukaushwa juu ya mbabula ya makaa. Kisha hushonwa kwenye karatasi ngumu na kuwekewa etiketi: limekatwa wapi, kwenye kimo gani, siku gani, na nani. Baadaye, mtu akishalitambua, huongeza kikaratasi kidogo cha jina. Panya wakikosa bahati, karatasi hiyo itaishi kuliko sisi sote.

Mwenye koti lile, Papa Anselme, alizaliwa kwenye milima ya Masisi, katika familia ya wafugaji, na alianza kujifunza mimea kwa kuangalia majani ambayo ng'ombe wanayakataa. Shingoni alikuwa na lupu yake, kioo kidogo cha kukuzia, ameifunga kwa kamba ya kiatu. Aliandika kwa penseli, kamwe si biki, maana mvua ya mlimani hufuta wino lakini penseli haiiwezi. Na alikuwa na desturi moja iliyotuchekesha: jani lolote geni alilipitisha kwenye mdomo wa chini, polepole, macho ameyafumba. Alisema kidole cha mfanyakazi kimeshakufa ganzi, lakini mdomo bado unasikia vinyweleo ambavyo hata jicho halivioni. Wenzetu walisema mkewe ana haki ya kuona wivu. Wiki ya pili nikamwiga, na jani nililolichagua lilikuwa la kuwasha. Nilirudi Mabanga na mdomo kama wa bata.

"Angalia kwanza, busu kisha," aliniambia kesho yake. Binti zangu nao niliwapa shauri hilohilo, kwa mambo mengine.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo hakuchoka kuyarudia. La kwanza lilikuwa kiungo. Usikate ua kabla hujaona kwa macho yako mahali linaposhikana na tawi. Msitu wa juu ni wa baridi na maji, na kila kitu huko kimepanda juu ya kingine. Utaona ua jeupe limetulia katikati ya majani ya kichaka, kumbe ni la mmea wa kutambaa ulioanzia mbali kabisa na umepita tu. La pili lilikuwa tarehe. Etiketi ina siku tawi lilipokatwa, na kikaratasi cha jina kina tarehe yake chenyewe. "Hata kama tawi ilikatwa zamani," alisema, "andika siku weye ulijua. Usione haya ya kuchelewa."

Mwaka wangu wa pili tulipanda mteremko wa mlima Mikeno, chini kidogo ya mianzi. Kulikuwa na bonde lililojaa kichaka cha aina moja, kirefu kupita mtu, mashina yake ya pembe nne yamevimba kwenye viungo, majani mapana yenye meno yakikaa mawili mawili, moja likilitazama jingine. Papa Anselme alikuwa akipita bonde hilo miaka na miaka na hajawahi kukuta ua hata moja. Na bila ua, jina halipatikani. Alikuwa akiandika orodha ya vichaka vyote vya mlima ule katika daftari la shule, na alikuwa amekiachia kile nafasi tupu, mistari miwili. Vingine vyote vilikuwa na majina.

Siku hiyo alinituma upande wa kushoto wa bonde, yeye akaenda kulia. Mvua ilikuwa imeanza asubuhi na vidole vyangu havikuwa vyangu tena. Nikaona maua meupe ndani ya majani ya kichaka. Nilikata tawi, nikakata maua, nikayabana pamoja ndani ya gazeti, nikateremka mbio kwenye hema. Mchana nilipofungua gazeti, maua yalikuwa peke yake na tawi peke yake. Nikajiambia yamevunjika njiani. Ndani ya moyo nilijua kwamba kiungo sikukiona.

Tuliporudi Goma, tawi likakauka, nikalishona. Ua nikaliweka kwenye pembe ya jani, mahali ambapo ua la kweli lingekaa, na kwa kuwa uzi mweupe wa biro ungeonekana, nilichukua uzi wa kijani kwa mama. Mshono ule ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kushona. Hata kwa lupu, pengo halikuonekana.

Papa Anselme alisimama mbele ya karatasi ile kama mtu aliyepokea mgeni.

"Kahindo. Uliona kiungo?"

"Ndiyo, papa."

"Uliona na macho yako?"

"Niliona."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akifurahi vile kwa sababu yangu. Sina utetezi mwingine.

Aliinama juu ya karatasi ile siku tatu. Majani yalisema ukoo mmoja, ua likasema ukoo mwingine, na ua lenyewe lilikuwa limeota ukungu njiani. Mtu mwingine angeshuku mkono ulioshona. Yeye aliuamini, kwa hiyo akaona lazima kichaka ndicho cha ajabu, kitu ambacho hakijaandikwa na mtu. Akaijaza ile mistari miwili ya daftari, orodha ikapigwa kwa mashine, ikaenda ng'ambo kwa mtaalamu pamoja na kipande cha pili cha tawi lile, nilichokishona vilevile kwa ua lililobaki.

Jibu lilifika baada ya miezi mingi. Direkta wetu wa wakati ule alilisoma mbele ya wote. Majani ni ya kichaka, ua ni la mmea wa kutambaa wa kawaida kabisa, na aliyetuma ajifunze kutazama. Direkta akasema orodha yenye kitu kama hicho haitachapishwa, maana nani anajua kuna nini tena ndani yake. Kisha akauliza ni nani aliyeshona karatasi ile.

Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha na sindano mkononi. Nilifungua mdomo.

"Ni mimi," Papa Anselme akasema. "Nilifanya haraka."

Nikaufunga mdomo wangu. Mtu mmoja nyuma akacheka na kusema siku hizi hata majani yanaoa, tuite ndoa hiyo anselme. Ndivyo neno lenu lilivyozaliwa. Mchana ule alilifumua ua kwa wembe, akalitia ndani ya bahasha ndogo kwenye pembe ya karatasi, maana chochote kilichowahi kuwa juu ya karatasi hakitupwi, akaandika kwa penseli: "Mchanganyiko. Kichaka bado hakijatambuliwa." Akaweka sahihi yake. Kisha akaniuliza kama nimeshakula.

Hakunigusia tena jambo lile. Alinifundisha yote ninayoyajua: kunusa presi kama imeanza kuoza, kugeuza magazeti asubuhi na jioni, kuhesabu stameni, vile vijiti vyenye unga ndani ya ua, bila kupumua juu yake. Mara nyingi nilitaka kumwambia. Nilikwenda nyumbani kwake mtaa wa Mapendo alipofiwa na mkewe, nikakaa na wanawake jikoni, nikarudi bila kusema. Siku aliyostaafu alivua lupu shingoni akanivalisha, na mimi nikalia, na watu wakadhani nalia kwa shukrani. Niliona haya, hakuna neno jingine. Na haya ikikaa muda mrefu inazoea, inakuwa kama fanicha ya nyumba.

Nikafikiri nikimletea ua la kweli nitapata pa kuanzia. Kila safari ya Mikeno nilipita kwenye bonde lile. Hakuna ua. Kisha mwaka mmoja habari zikatufikia kwamba bonde zima limekuwa jeupe na nyuki wamejaa, na mwaka huohuo barabara ya Rutshuru, ya kwenda mlimani, ilikuwa imefungwa kwa vita. Tulikaa Goma tukiuangalia mlima kwa mbali. Tuliporuhusiwa kupanda nilikuta mashina yamekufa yote yakiwa yamesimama, na vifuko vya mbegu vimepasuka. Kichaka hiki ndivyo kilivyo: kinangoja miaka, kinachanua chote kwa pamoja, kinakufa. Vifuko vile vilinitajia ukoo, lakini jina havikunipa. Chini kulikuwa na miche ya urefu wa kidole. Niliitazama, nikahesabu umri wangu, nikahesabu umri wa Papa Anselme, nikashuka.

Mwaka jana, miezi michache kabla ya kustaafu, nilipigiwa simu na Bahati, mlinzi wa msitu mnayemjua wote kwa sauti yake.

"Mama Kahindo, kile kichaka yako inachanua."

"Una hakika?"

"Mama, nyuki iko nanifukuza nikiwa naongea na weye!"

Goti langu la kushoto lilikataa safari hiyo na sikulisikiliza. Tulipanda na Bahati katika mvua ileile ya siku zote. Maua yalikuwa meupe, kooni yana manjano, yamefunguka kama midomo. Nilichagua moja, nikalifuata kwa kidole kutoka ua mpaka kikonyo, kutoka kikonyo mpaka tawini. Nikalifuata tena. Kisha nikamwita Bahati.

"Angalia hapa. Unaona nini?"

"Ua."

"Angalia kiungo."

Akainama, maji yakimtiririka kwenye kofia. "Imeshikana."

"Sema tena."

"Mama, imeshikana. Unalia juu ya nini?"

Nilikata matawi ya kubana kwenye presi, na moja nikalifunga kwa kitambaa kilicholowa ndani ya mfuko wa plastiki. Hilo halikuwa la biro. Tuliposhuka sikupita hata nyumbani kubadili viatu. Nilichukua pikipiki moja kwa moja mpaka Mapendo.

Riziki, binti yake, alinifungulia. Papa Anselme alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Macho yake yaliondoka miaka minne sasa, lakini bado anapenda kukaa penye mwanga.

"Nasikia harufu ya mulima," alisema kabla sijamsalimu.

Nikamwekea tawi mapajani. Alilishika shina, akalizungusha, akahesabu pembe zake. Akapapasa pale lilipovimba. Akachukua jani, akalipitisha kwenye mdomo wa chini, polepole, na macho yale yasiyoona akayafumba.

"Ni yeye," alisema. Kisha mkono wake ukapanda mpaka kwenye ua, ukasimama. "Kahindo. Uliona kiungo?"

"Ndiyo, papa. Leo niliiona." Nilikaa kwenye kiti mbele yake. "Ile siku ingine sikuiona. Ua ilikuwa imetoka, mimi njo niliishonea pale. Nilikuongopea."

Kidole chake kilishuka kutoka ua mpaka kwenye kikonyo. Riziki aliacha alichokuwa akikifanya.

"Nilijua," Papa Anselme akasema. "Nilifumua ule uzi na mukono yangu. Uzi ya kijani. Mimi hata kifungo ya shati siwezi kushona, mutu wote wa biro alijua vile. Niliweka uzi ndani ya bahasha pamoja na ua. Nilisema, siku mutu atafungua, ataona. Hakuna mwenye alifungua?"

Hakuna aliyefungua. Mimi mwenyewe niliiogopa bahasha ile miaka yote.

"Papa, juu ya nini ulisema ni weye?"

"Mimi nilikuwa tayari na jina. Weye hukuwa nayo bado. Wangekufukuza ile saa ile, ungerudia vifungo."

"Ilikuumiza?"

"Sana." Alikuwa akilipapasa jani. "Haikuwa direkta. Orodha, watu wacheke, ile ilipita. Ni juu nilikuuliza mara mbili, mwanangu. Mara mbili."

Niliteleza chini kutoka kwenye kiti nikaweka kichwa magotini pake, mimi mwanamke mwenye wajukuu, na matope ya Mikeno kwenye viatu. Nilimwomba msamaha. Aliweka mkono juu ya kitambaa changu cha kichwa akauacha hapo muda mrefu, na tulipokwisha kulia wote wawili akanigonga kidogo kwa kidole.

"Basi. Ua inakufa. Lupu iko wapi? Hesabu."

Nikakaa vizuri, nikafungua ua. "Stameni nne. Mbili refu, mbili fupi."

"Chini ya vile vifuko vya unga, iko mwiba?"

Nilisogeza tawi kwenye mwanga. Lupu yake, kamba ileile ya kiatu. "Iko. Kadogo kabisa, kama jino ya mutoto inatoka."

"Mimulopsis," alisema. Alilitamka taratibu, kama unavyomwita mtu uliyemngoja kwa chakula. Kisha akamtuma Riziki kuleta daftari la vichaka, na Riziki akaliandika jina hilo juu ya ile mistari miwili iliyofutwa. Daftari liko kwake, na orodha sasa imetimia. Mkitaka kulisoma, nendeni na mkate na sukari, muzee anapenda chai.

Kesho yake asubuhi niliingia biroini mapema, nikafungua kabati, nikaifungua bahasha. Ua lilikuwa limekuwa vumbi la kahawia. Uzi ulikuwa kijani kama siku nilipoukata kwa mama. Nilikaa chini sakafuni nao.

Karatasi mpya niliishona wiki hiyohiyo. Kazi ya mwisho ya mikono yangu, mtaiona: nimefunga shina, nimefunga majani, na kwenye kiungo sikuweka uzi wala gundi. Kila mtu akitazame. Kwa ile karatasi ya zamani niliandika kikaratasi kipya, nikaenda nacho Mapendo kumsomea Papa Anselme kabla sijakibandika.

"'Ua la karatasi hii lilishonwa hapa na mimi, Kahindo, bila kuona kiungo. Papa Anselme aliniuliza mara mbili na nilimdanganya. Kosa si lake. Kichaka ni Mimulopsis, kimetambuliwa na Papa Anselme.'"

Kwa hiyo nawaomba, neno lenu liacheni. Mkishindwa kukaa bila jina la kosa hilo, semeni kahindo. Ni rahisi kutamka, na mwenyewe ameridhia.

Papa Anselme alisikiliza mpaka mwisho, uso ameuelekeza dirishani. Nilingoja. Nilidhani atasema neno juu ya miaka ile yote.

"Umesahau tarehe," alisema.

Nikatoa penseli. Nikamwuliza niandike ipi, ya siku ile ya mvua nilipoyakata maua, au ya siku ile barua iliposomwa.

"Andika ya leo," akasema, akaunyosha mkono mpaka ukaupata wangu. "Leo njo tumejua."